Kipuri cha Rahisi, Kipuri cha Ghali, na Nani Alipaye

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya jambo linalobishaniwa sana katika vijiwe vya pikipiki na chini ya miembe ya mafundi hapa Kiloleli: kipuri kikiharibika, yafaa kununua cha bei ndogo au cha bei kubwa? Mimi si fundi. Nafundisha Fizikia, nina motokaa kuukuu ya Toyota, na kwa sababu ya ukuukuu wake nimepata kukaa saa nyingi juu ya debe lililopinduliwa, nikitazama mikono ya mafundi na kusikiliza maneno yao. Niliyoyapata huko, pamoja na machache ya darasani, ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza hatuna budi kuelewana juu ya majina, maana ugomvi mwingi hutoka hapo. Mwenye duka husema ana "orijino" na ana "kopi," kana kwamba aina ni mbili tu. Kwa kweli ni zaidi. Kipo kipuri kinachouzwa katika boksi la kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, na mara nyingi hicho ndicho ghali kupita vyote. Lakini kampuni za magari hazitengenezi kila kitu. Toyota, kwa mfano, hununua vitu vingi kutoka viwanda vingine, na kimojawapo ni Denso, ambacho kilikuwa sehemu ya Toyota mpaka mwaka 1949 kilipojitenga kuwa kampuni mbali. Plagi iliyotoka Denso yaweza kuuzwa ndani ya boksi la Toyota kwa bei moja, na ndani ya boksi la Denso lenyewe kwa bei iliyo chini. Anunuaye hii ya pili hakununua kitu duni. Ameacha tu kulipia boksi.

Kisha vipo vipuri vya viwanda vingine vyenye majina yao, ambavyo havikutengenezewa kampuni ya gari bali vilifanywa kwa kipimo kile kile. Vingine ni vizuri sana, vingine ni vya wastani. Chini ya hivyo vipo visivyo na jina la kueleweka, vyenye bei ya kumtoa mtu udenda. Na mwisho kabisa ni vile vya bandia, vilivyovikwa boksi na chapa ya kampuni kubwa isiyovijua. Hapa watu wengi huchanganya. Kipuri cha rahisi kisicho na jina hakikudanganyi. Bei yake imekwisha kukuambia kilivyo. Bandia ndiyo mwizi, maana hukutoza bei ya kitu kizuri na kukupa kibaya. Kwa hiyo yule asemaye, "Mimi sitaki matatizo, nalipa bei kubwa basi," hajajikinga na lolote. Bei kubwa si ushahidi wa kitu.

Mbali na hivyo vipo vipuri vya mtumba, vilivyofunguliwa katika magari yaliyokwisha kutumika, hasa ya Japani. Mlango, taa, kioo cha pembeni, hata gia boksi ya mtumba yaweza kuwa bora kuliko mpya isiyo na jina, maana ilitoka kiwandani pamoja na gari. Lakini kitu cha mpira, au kitu kinacholika kwa kusuguana, mtumba wake ni kununua mabaki ya mwenzio. Tairi hasa. Tazama ubavuni mwa tairi nyingi utaona herufi DOT, na mwisho wa mfuatano wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani; hukauka na kufanya nyufa, ingawa kashata zake bado zaonekana nzima na muuzaji amezipaka rangi nyeusi zikang'aa.

Sasa nieleze kanuni ninayoifuata mimi. Siulizi kwanza, "Bei gani?" Nauliza, "Hiki kikifa njiani, kitakufa na nani?"

Vipo vinavyokufa peke yao. Kitasa cha mlango, kinga matope, zulia la miguuni, kifuniko cha gurudumu, kioo cha pembeni, honi: nunua cha rahisi bila kuona haya, na kikivunjika nunua kingine. Nimemwona mtu akiagiza Mwanza vifuniko vinne vya magurudumu vya bei kubwa ili gari lipendeze, na breki zake zalia kama mbuzi aliyefungwa.

Vingine hukifa huwaua majirani zao. Hivi ndivyo vinavyotaka akili, maana hasara yake haionekani dukani. Muhula huu tulikata kwa msumeno filta mbili za oili zilizokwisha kutumika, tukazifungua mbele ya kidato cha tatu. Kwa nje zilifanana kabisa, hata rangi. Kwa ndani moja ilikuwa na karatasi iliyokunjwa kwa wingi na kwa nafasi sawa, nyingine mikunjo yake ilikuwa michache, imelalia upande mmoja, na gundi imeachia pembeni. Basi oili iliyopita pale pembeni haikuchujwa kamwe. Msomaji afahamu kwamba filta si karatasi tu. Ndani yake mna kilango kidogo chenye springi, ambacho hufunguka karatasi ikiziba, ili injini ipate walau oili chafu kuliko kukosa kabisa. Na katika filta nyingi mna duara la mpira linalozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Mpira huo ukiwa duni hukakamaa, oili hushuka yote usiku, na asubuhi gari likiwashwa vyuma vya juu husuguana vikavu kwa sekunde chache. Ile sauti ya kugongagonga ya alfajiri, ambayo dereva husema "itakwisha likipata moto," mara nyingine ni hiyo. Huisha kweli. Lakini kila asubuhi injini imelika kidogo, na mwenye gari akija kuambiwa kwamba injini inakula oili, hataikumbuka filta ya miaka miwili nyuma.

Mfano wa pili ni cheni ya pikipiki, ambao ni wa karibu zaidi na watu wa hapa. Watu husema cheni "imerefuka," wakidhani chuma kimevutika kama mpira. Sivyo. Kila kiungo cha cheni kina pini ndani ya bomba dogo, na vitu hivyo viwili husuguana. Katika pikipiki nyingi za abiria, toka pini hata pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya kumi ya milimita, viungo mia vitaongeza urefu wa milimita 10. Sasa cheni hailingani tena na meno ya sproketi. Hupanda juu ya meno, huyavuta, na kuyapinda yakawa kama kulabu. Chuma cha rahisi, ambacho hakikukomazwa vizuri kwa moto, hulika haraka zaidi, na vumbi letu la kiangazi likichanganyika na grisi huwa kama msasa. Mtu akiona cheni imekwisha hununua cheni peke yake na kuifunga juu ya sproketi zilizopinda. Zile kulabu huila cheni mpya kwa muda mfupi. Au hununua cheni duni na kuifunga juu ya sproketi nzuri, na cheni duni huila sproketi. Ndiyo sababu mafundi waaminifu huuza seti, cheni na sproketi mbili pamoja, na si tamaa yao kama wengi wadhanivyo. Na cheni ikikatika kwenye mwendo yaweza kujiviringisha na kulifunga gurudumu la nyuma, au kupasua ganda la injini.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za dukani kwake. Tuseme seti ya rahisi ni shilingi 20,000 nayo yadumu miezi minne, na seti nzuri ni shilingi 45,000 yadumu mwaka. Kwa mwaka mmoja aliyenunua rahisi ametoa 60,000. Ongeza ujira wa fundi mara tatu badala ya mara moja, na siku tatu bila abiria badala ya siku moja, labda moja yake katikati ya msimu wa pamba ambapo kila mtu ana safari. Lakini seti ya rahisi ingedumu miezi minane, hesabu ingegeuka. Basi jambo la kwanza ni kuandika katika daftari tarehe ya kufunga kila kipuri. Nawajua waendeshaji wengi hodari wa kubishana juu ya spea ipi inadumu. Mwenye daftari ni mmoja tu.

Nimefika kwenye vile vinavyokufa na watu: breki, viungo vya usukani, tairi. Hapa niruhusiwe kusema kama mwalimu.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria yetu ndani ya makazi ya watu. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme breki nzuri juu ya lami kavu hupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo. Breki duni hupunguza kwa mita 4. Tangu breki kushika, gari la kwanza litasimama baada ya mita 16, na la pili baada ya mita 24. Tofauti ni mita 8, kama urefu wa darasa. Mtu aweza kusema mita 8 si kitu. Lakini hebu tuulize: mahali pale ambapo gari la kwanza limekwisha simama, la pili lina mwendo gani? Wengi darasani walikisia kilomita 10, wengine 15. Jibu ni karibu kilomita 29 kwa saa. Mwenye kalamu na alihakikishe. Sababu yake ni kwamba nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo breki hufanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo katika mita za mwisho kabisa. Mtoto aliyesimama barabarani mita 17 mbele ya gari la kwanza atatetemeka magoti tu. Gari la pili litampiga kwa mwendo wa mtu akimbiaye mita 100 kwa sekunde 13 hivi, ila mtu huyo ni wa chuma na ana uzito wa tani moja.

Breki duni zina tabia nyingine mbaya: zikiwa baridi hushika vema. Fundi akizijaribu uwanjani husema ziko sawa. Lakini breki ni kazi ya kugeuza mwendo kuwa joto, na joto likizidi, ile nyenzo duni hupoteza ukali wake, au gundi huachia, nyenzo ikabanduka kutoka kwenye chuma. Kwa hiyo jaribio la uwanjani halionyeshi jambo lenyewe. Huonyeshwa na mteremko mrefu na gari lililojaa watu na magunia.

Neno moja kwa vijana wetu ambao wakati wa likizo husaidia gereji. Zamani breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, hata saratani, baada ya miaka mingi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwisha kuipiga marufuku kufikia mwaka 2005, lakini kipuri kisicho na jina hakikuambii kimetengenezwa kwa nini. Basi msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji.

Sasa niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo shina la habari yote hii. Kipuri huchaguliwa na mtu mmoja na hulipiwa na mwingine. Wazazi kadhaa hapa wana pikipiki walizowapa vijana waendeshe kwa hesabu: kijana hupeleka kiasi fulani kwa tajiri kila siku, matengenezo madogo ni juu ya kijana, na matengenezo ya injini ni juu ya tajiri. Mapatano hayo yaonekana ya haki. Lakini yatazame vizuri. Kijana anayelipia filta na oili ananunua ya rahisi kabisa, kwa sababu injini ikifa si mfuko wake. Tajiri naye hataki kusikia habari za breki, kwa sababu hakai juu ya pikipiki hiyo. Na abiria, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wetu aliyepakiwa na wenzake wawili asubuhi akichelewa shule, hakuulizwa na yeyote, na pengine ndiye atakayelipa kuliko wote. Sisemi kijana ni mwovu wala tajiri ni mchoyo. Nasema mapatano yenyewe yamepangwa vibaya. Ningependa mzazi mwenye pikipiki ya hesabu achukue juu yake oili, filta, cheni, breki na tairi, avinunue yeye mwenyewe, na amwachie kijana pancha, taa na usafi. Ikibidi, aongeze kidogo hesabu ya siku. Baba mmoja aliyefanya hivyo aliniambia kwamba kijana wake sasa humletea habari breki zikianza kulika, ambapo zamani alizificha.

Nakubali kwamba wako watakaosema, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini mfukoni nina elfu ishirini." Hilo ni jibu la kweli, na mtu hatukanwi kwa kukosa fedha. Wazee wetu wanakumbuka shida kubwa zaidi, miaka ile kabla ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kipuri hakikupatikana cha rahisi wala cha ghali, na twasimuliwa kwamba mafundi walichonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu. Leo vipo, na shida ni kufikia bei. Kwa mfano wetu wa cheni, tofauti ilikuwa shilingi 25,000. Mwenye kuweka kando shilingi 500 kila siku huipata kwa siku 50, mradi aanze siku anayofunga seti mpya wala si siku inapokatika. Na kama haiwezekani, basi fedha kidogo iliyopo iende kwenye breki kwanza. Kioo kilichopasuka kivumilie.

Imebaki namna ya kukwepa bandia. Nenda dukani na kipuri kikuukuu mkononi, ulinganishe uzito, kingo, na namba iliyochongwa juu ya chuma chenyewe, si ile ya boksi tu. Maandishi ya boksi yasome yote. Bandia nyingi huumbuka kwa herufi moja iliyokosewa. Boksi tupu usilitupe zima, lichane, kwa sababu wapo wanaoyaokota na kuyajaza upya. Nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu, awe wa Lamadi, Bariadi au Mwanza, na udai risiti ya mashine hata kama anakuambia bila risiti atakupunguzia. Punguzo hilo ndilo bei ya haki yako ya kurudi. Kisheria bidhaa za bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975. Lakini mlalamikaji asiye na risiti hana cha kuwaonyesha.

Filta zile mbili tulizozikata, pamoja na cheni moja kuukuu na rula ya kuipimia, ziko juu ya meza ya nyuma katika maabara ya Fizikia. Mzazi atakayekuja siku ya mkutano wa wazazi aingie azitazame. Na aliye na breki shuu za pikipiki zilizokwisha, asizitupe. Azifunge katika karatasi azilete, maana twazihitaji kwa somo la muhula ujao.